Sitaha ya mtiki inavuja na kiini kimeoza: mwongozo kamili wa kutengeneza boti ya zamani

Kama boti yako ni ya faiba, ya miaka ya 70 au 80, juu ina mbao za mtiki, na mvua ikinyesha kuna maji yanadondoka ndani kwenye kitanda au kwenye meza ya ramani, naomba kabla hujanunua hata bomba moja la silikoni usome hii yote mpaka mwisho. Pale maji yanapodondokea sipo yanapoingilia. Yanaweza kuingia kule omoni, mbele ya boti, yakatembea ndani ya sitaha mita mbili tatu ndo yatokee kwenye tundu la skrubu ya silingi bodi, na wewe utapaka silikoni hapo miaka na miaka huku ndani mbao inaoza taratibu.

Nazungumzia hasa zile yoti za Taiwan, zilizotoka kwa wingi kwenye yadi za Kaohsiung na kwingine kisiwani miaka hiyo, mfano Tayana 37 aliyoichora Robert Perry na kujengwa na Ta Yang, pia Formosa na CT, na Cheoy Lee za Hong Kong. Ni vyombo vizuri, vizito, vinavumilia bahari, na nyingi zimeshazunguka dunia. Hata kwetu zinafika, ukipita Kilifi au Mtwapa unakuta yoti za namna hii zimetia nanga, wenyewe wamevuka Bahari ya Hindi na wengine wanauzia hukohuko. Bei inavutia, ila sitaha ndo inayoamua kama umepata boti au umenunua deni.

Kwanza elewa ilivyojengwa

Sitaha yake siyo faiba tupu. Kuna tabaka la faiba juu, tabaka la faiba chini, na katikati kuna kiini, ambacho kinaweza kuwa balsa, plaiwudi, au vipande vidogo vya mbao vilivyopangwa na kumwagiwa rezini. Kiini ndicho kinachoipa sitaha ugumu bila uzito. Sasa juu ya hiyo faiba wakalaza mbao za mtiki zenye unene wa kama milimita 12, wakazikaza kwa skrubu, na kila skrubu inapita kwenye mtiki, inatoboa tabaka la juu, inaishia ndani ya kiini. Kwenye boti ya futi 37 hivi unaongelea skrubu zaidi ya elfu moja, yaani matundu zaidi ya elfu moja yanayolindwa na gundi ya zamani na vizibo vidogo vya mbao tu. Zikiwa mpya hakuna shida. Miaka 20 ya jua ikishapita mpira wa kwenye viungo unaachia ubavu wa ubao, maji yanaingia chini ya mtiki na hayana pa kutokea, yanakaa hapo mpaka yapate skrubu.

Wanaotoka kwenye majahazi hapa wanachanganyikiwa kidogo na nawaelewa, maana jahazi likivuja unalipiga kalafati kwa pamba na mafuta, maji yaliyopita yanashuka ngamani, chini kabisa ya chombo, unayafuta, mbao inapata hewa inakauka. Huku mbao imefungiwa katikati ya plastiki mbili. Maji yakiingia hayatoki, na ya mvua ni mabaya kuliko ya bahari kwa sababu chumvi inazuia ukungu wa kuozesha, maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, yanaukaribisha. Kwa hiyo kazi yote iko kwenye mambo mawili, kiini kiwe kikavu kabisa kabla hujafunga chochote, na kuanzia hapo lisiwepo tundu hata moja linalogusa kiini bila ukuta wa epoksi, ile gundi ngumu ya kuchanganya sehemu mbili.

Kutafuta ugonjwa uko wapi

Chukua nyundo ya plastiki au mpini wa bisibisi, gonga sitaha yote taratibu kila baada ya sentimita tano kumi hivi. Sehemu nzima inatoa mlio mkali mfupi, iliyoachana (faiba imebanduka kwenye kiini) au kuoza inatoa mlio wa bubu. Chora kwa chaki ukienda. Tembea pekupeku vilevile, mguu unasikia pale panapobonyea, na ukiona maji ya kahawia yanatoka kwenye kiungo ukikanyaga basi hapo hamna mjadala tena. Mita ya unyevu inasaidia ila usiiamini juu ya mtiki, mbao iliyolowa chumvi itakupa namba za kutisha hata kama kiini ni kizima, na ukipima juu ya tangi au bamba la chuma inadanganya pia. Ipime kwa chini, ukiwa kabini.

Ushahidi wenyewe unaupata kwa drili. Shusha silingi bodi, funga tepu kwenye biti ya milimita 6 ili isiingie zaidi ya tabaka la chini na kiini, toboa kutokea chini, kisha angalia kinachotoka. Unga mkavu mweupe, sawa. Nyuzi zimelowa za kahawia, au tope jeusi lenye harufu, umeoza. Toboa kadhaa kufuata mistari yako ya chaki mpaka ujue mpaka wa ugonjwa, na vitobo hivyo utakuja kuviziba kwa epoksi. Angalia zaidi kuzunguka nguzo za reli, winchi, hachi, mlingoti, na yale mabamba ya chuma yanayoshika waya za mlingoti, hayo mabamba yakipita kwenye kiini chenye maji chuma cha pua kinaliwa kimyakimya pale ndani pasipo na hewa. Yatoe uyakague, ukiona ufa au vishimo vya kutu badilisha. Mlingoti ukianguka baharini sababu ya bamba la bei ndogo ni jambo la kusikitisha sana.

Amua kabla hujakata

Kama mtiki bado una unene, tuseme milimita 9 kwenda juu, na kiini ni kizima, unaweza kuokoa. Toa mpira wa zamani wote kwenye viungo, siyo pale ulipoachia tu, safisha kwa msasa na asitoni, weka mkanda mwembamba chini ya mfereji ili mpira mpya ushike kwenye mbavu mbili tu uweze kuvutika, kisha jaza polisalfaidi, aina ya mpira wa kuzibia, au kemikali nyingine iliyotengenezwa kwa ajili ya sitaha za mtiki. Skrubu zilizochomoza zitoe, chimba tundu, jaza epoksi, rudishia kizibo. Ukifika milimita 6 hivi hakuna tena nyama ya kushika kizibo wala kina cha mfereji, hapo unatupa pesa. Ndo maana nawaomba wenye mtiki mzuri waache kupiga deki kwa brashi ngumu, na mashine ya maji ya presha ndo kabisa isikaribie. Maji ya bahari na brashi laini, ukienda kukata nyuzi za mbao siyo kuzifuata, inatosha.

Kuna mtu atakwambia toboa vitundu vingi uingize epoksi nyepesi kwa sindano, ikauke, kazi imekwisha. Kwa eneo la ukubwa wa kiganja, lililoachana lakini ni kavu, inafanya kazi. Kwa kiini kilicholowa hapana. Epoksi haisukumi maji nje, inajaza njia chache na kuufungia uozo ndani, na atakayekuja kufungua baada yako atapata kazi mara mbili.

Kiini kimeoza eneo kubwa? Basi ng'oa mtiki wote wa upande huo. Najua inauma, ni mbao nzuri na ndiyo uzuri wa boti.

Kung'oa

Piga picha kila kitu kwanza, kila kifaa kipewe namba na bolti zake kwenye mfuko wake. Toa kila kilichofungwa juu ya eneo hilo, hata kile unachodhani unaweza kukizunguka, maana ukikiacha utakuja kukuta uvujaji ulikuwa hapohapo. Mtiki unatoka kwa patasi pana na nyundo baada ya kukata viungo na kutoa skrubu, zile zilizokatika vichwa zishike kwa koleo ukishaondoa ubao. Vaa maski yenye filta, vumbi la mtiki linawasha pua na ngozi, la faiba ni baya zaidi, na mikono mirefu hata kama joto la pwani linakuua.

Kabla ya kukata faiba, tegemeza sitaha kwa chini. Hii watu wanairuka. Sitaha ina mgongo wake, imepinda kidogo ili maji yamwagike pembeni, na tabaka la chini peke yake ni jembamba, ukikata juu na kuacha hivi litalala, na utakachojenga juu yake kitabaki kimelala milele, maji yatatuama hapo. Weka vipande vya mbao mbili kwa nne na nguzo kutoka sakafuni, ukate umbo kwa kadibodi kwanza upate mpindo sahihi. Fanya upande mmoja kwa wakati, tena kwa vipande vya mita moja au moja na nusu. Na ukikaribia mlingoti au mabamba ya waya, legeza waya au shusha mlingoti kabisa.

Weka msumeno wa umeme au grainda ikate kina cha tabaka la juu tu, kwa kawaida milimita 3 mpaka 6. Acha ukingo wa sentimita 5 hivi kutoka kwenye ukuta wa kabini na kutoka kwenye kingo ya sitaha, huo ukingo ndo utakaoshika faiba mpya. Nyanyua tabaka taratibu kwa patasi. Pale palipooza litatoka lenyewe, palipo pazima utapigana nalo, na hapo ndo unajua umefika mwisho wa ugonjwa. Kiini kilichoko chini ya ule ukingo kichokonoe kwa bisibisi iliyopindwa mpaka ufike kwenye mbao ngumu kavu. Usibakize hata kidogo cha "hiki kitakauka".

Kukausha, hatua isiyopendwa

Suuza tabaka la chini kwa maji baridi kwanza, chumvi ikibaki inavuta unyevu wa hewa kila usiku. Halafu jenga hema. Pwani yetu masika ya Machi hadi Mei usianze kazi hii kabisa kama huna bati juu ya kichwa, na hata nje ya masika hewa ya pwani ina unyevu. Turubai, feni inayozunguka mchana na usiku, taa ya joto ukiwa na umeme. Kingo za kiini kizima zilizobaki zitakauka polepole sana, tegemea wiki na siyo siku. Kipimo ni rahisi, bandika kipande cha nailoni ang'avu kwa tepu pande zote nne jioni, asubuhi ukikuta jasho ndani yake bado. Rudia mpaka kiamke kikavu. Pima na kwa mita, eneo likiwa tupu bila mtiki sasa unaweza kuiamini.

Kuchagua kiini kipya

Balsa iliyokatwa mtambuka nyuzi zikisimama wima, ya milimita 12, bado ni kiini kizuri sana kama imefungwa vizuri, nyepesi na ngumu. Foamu ya seli zilizofungwa aina za Divinycell au Airex haiozi, ila ni ghali na huku mpaka uagize. Plaiwudi ni nzito lakini inapatikana na inabeba mgandamizo wa bolti. Hapa sikiliza vizuri: ukienda duka la hadwea Dar au Mombasa ukasema marine bodi utapewa ile ya kahawia yenye nailoni usoni, hiyo ni ya kumwagia zege kwenye ujenzi. Siyo plaiwudi ya boti. Ya boti inafuata kiwango cha BS 1088, haina mapengo ndani na gundi yake haiachii. Chukua kipande chemsha kwenye sufuria masaa kadhaa, kikifumuka tabaka usiitumie, umeokoa boti. Mimi ningeweka balsa au foamu eneo la kutembea, na plaiwudi ya kweli au faiba tupu chini ya winchi, nguzo na mashine ya nanga.

Kulaza na kufunga

Tumia epoksi, siyo rezini ya poliesta iliyotumika kiwandani. Poliesta mpya haishiki vizuri juu ya faiba iliyokwisha komaa miaka 40, epoksi inashika. Kwa joto letu chukua hadina (ile sehemu ya pili inayoigandisha epoksi) ya polepole kabisa, kwa mfano West System wana ile namba 209 ya nchi za joto. Changanya kidogo kidogo kwa uwiano wa mtengenezaji, usikadirie kwa jicho, na usiongeze hadina eti ikauke haraka, epoksi haiendi hivyo, itabaki laini. Mimina kwenye trei pana, ikikaa kwenye kopo la kina inajipasha yenyewe mpaka itoe moshi.

Kwangua faiba ya chini kwa msasa namba 40 hadi 60, lakini futa kwa asitoni kabla ya kusugua ili usisukume mafuta ndani. Kata vipande vya kiini, vipange vikavu, vipe namba. Toboa vitundu vya milimita 3 kila sentimita 10 ili hewa itoke. Sasa paka epoksi nyepesi kwenye faiba na kwenye uso wa chini na kingo za kiini, subiri inywe, ongeza palipokauka. Kisha changanya epoksi na unga wa silika mpaka iwe nzito kama siagi ya karanga, sambaza kwa mwiko wenye meno, laza kiini, bonyeza kwa kusugua huku na huku mpaka uone epoksi inachomoza kwenye vitundu. Ikichomoza kila tundu huna pengo chini. Funika nailoni, weka uzito, mifuko ya mchanga au madumu ya lita 20 yenye maji, sawasawa, uache mpaka kesho. Jaza viungo vyote na kingo.

Muda wa siku una maana yake. Ukipaka epoksi asubuhi jua likipanda, hewa iliyomo ndani ya balsa inapanuka inatoka na kukuachia mapovu kila mahali. Anza mchana ukielekea kupoa, joto linaposhuka kiini kinavuta epoksi ndani. Ila chini ya hema, umande usikukute.

Tabaka la juu ukitaka unaweza kulirudisha lile la zamani kama ni zima, likwangue kwa ndani na ujaze yale matundu elfu. Mimi naona ni bora kujenga jipya. Sugua kingo ya faiba ya zamani iwe mteremko wa 12 kwa 1, yaani faiba ya milimita 4 mteremko wake unakaribia sentimita 5, maana nguvu ya kiungo inatoka kwenye upana wa mshikano. Kitambaa cha nyuzi za mshazari cha gramu 600 kwa mita ya mraba kinatoa karibu milimita 0.8 kila tabaka, kwa hiyo manne yanakupa kama milimita 3, ongeza mpaka ufikie unene wa awali. Yale mamati ya kawaida ya poliesta, ya nyuzi fupi zilizogundishwa, yaache, gundi yake inahitaji styrini iliyomo kwenye poliesta ili iyeyuke, kwenye epoksi haiyeyuki vizuri. Kipande kidogo kwanza halafu kikubwa au kinyume, mafundi wanabishana, mimi naanza na kikubwa ili kiguse mteremko wote. Toa mapovu kwa rola. Ikishakauka, osha kwa maji na kitambaa kigumu cha kusugulia vyombo kabla ya msasa, epoksi hutoa utelezi wa nta juu yake na rangi haishiki hapo.

Matundu ya vifaa

Hapa ndo boti inapoponea au kufa tena. Bolti ya milimita 8? Toboa milimita 16 kupita tabaka la juu na kiini, acha la chini au lizibe kwa tepu, jaza epoksi nzito, iache ikauke vizuri, toboa tena milimita 8 katikati. Sasa bolti inapita kwenye bomba la epoksi, ikivuja maji yatadondoka kabini utayaona, kiini hakiguswi. Pembe ya juu ya tundu ipanue kidogo kwa biti kubwa, butili, ule mpira laini unaonata wa kuzibia, itajikusanya hapo na kuwa pete. Tumia tepu ya butili, siyo silikoni, silikoni inaacha mafuta ambayo hakuna rangi wala gundi itakayoshika baadaye. Chini weka bamba la kutawanya nguvu, washa ndogo (kile kiduara cha chini ya nati) haitoshi kwa nguzo ya reli. Kaza kwa kuzungusha nati tu, bolti ishikwe isigeuke, na usikaze yote siku moja, rudi kesho yake na keshokutwa ukaze kidogo kidogo butili ikichomoza pembeni.

Juu uweke nini

Rangi ya kuzuia utelezi, ya rangi nyepesi. Nalisema hili nikijua wapenda mtiki watanuna, lakini jua la huku linafanya mtiki uchome nyayo, na uzito wote ule unaotoka juu ya boti unaifanya isimame vizuri zaidi baharini. Primer ya epoksi, halafu rangi ya kuzuia utelezi kama KiwiGrip inayopakwa kwa rola, au rangi ya poliyurethani yenye chembe ndani yake. Usiiache epoksi bila rangi, jua linaila.

Kama lazima iwe mtiki, mbao za milimita 6 hadi 8 zilizogundishwa kwa epoksi juu ya faiba iliyofungwa kabisa, zikandamizwe kwa uzito au vakyumu, bila skrubu hata moja. Skrubu za muda za kubana, na washa kubwa, zipite kwenye viungo, zitolewe, na matundu yake yajazwe epoksi kabla ya mpira.

Kabla hujarudisha silingi bodi, pima kwa bomba la maji. Mmoja ndani na tochi, mmoja juu, na anzia sehemu ya chini kabisa ya sitaha dakika kumi ndipo upande juu kidogo, ukianza juu maji yatashuka yote na hutajua yameingilia wapi. Kifaa kimoja kimoja. Palipodondoka weka alama, toa bolti hiyo, safisha, butili mpya, pima tena. Iache silingi bodi nje mvua mbili tatu kubwa zipite, na baada ya safari ya kwanza yenye mawimbi kagua nati zote upya, zile za nguzo za reli hulegea kwanza.